Kusoma faili za Marekani za mahabusu wa vita: mwongozo kwa aliyeko Unguja na Pemba

Baada ya Septemba 2001 Marekani ilikamata watu katika nchi nyingi. Ikawaweka Bagram, kambi yake nchini Afghanistan, Guantanamo, kambi yake kisiwani Cuba, na katika magereza ya siri ya shirika lake la kijasusi, CIA. Watu wa visiwa hivi walikuwamo. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan Julai 2004, akafichwa na CIA kwa takriban miaka miwili, akapelekwa Guantanamo Septemba 2006, kisha akafikishwa mahakamani New York kwa mabomu ya balozi za Marekani ya 1998. Sasa anatumikia kifungo cha maisha. Suleiman Abdullah Salim alikamatwa Mogadishu Machi 2003, akashikiliwa zaidi ya miaka mitano bila ya kufunguliwa shitaka lolote, akaachiwa Agosti 2008.

Karatasi zinazoeleza walichofanyiwa watu hawa zipo. Nyingi ziko wazi kwa yeyote mwenye simu na bando. Hata hivyo kwetu habari hizi bado zinakwenda kwa mdomo, kila mmoja na lake, na anayetaka kujua hajui aanzie wapi. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wanafunzi wa sheria na historia, waandishi wa habari, wasaidizi wa sheria wa shehiani, na khasa kwa familia ambazo mtu wao aliwahi kupotelea kwenye vita vile na hadi leo hazijapata maelezo ya maandishi.

Kuna jambo moja ambalo lazima litangulie. Kama mtu ana hatia, hilo ni swali. Alitendewa nini akiwa mikononi mwa serikali, hilo ni swali jengine, na lina karatasi zake. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 watu 11 walikufa Dar es Salaam na zaidi ya 200 walikufa Nairobi. Haki yao haipungui hata chembe kwa sababu umesoma jinsi mtuhumiwa alivyoteswa. Na mateso hayageuki kuwa halali kwa sababu aliyeteswa alikuja kutiwa hatiani. Anayeyachanganya maswali haya mawili husoma faili zima akitafuta kumtetea mtu au kumlaani, na karatasi yenyewe inampita.

Hatua ya kwanza: fungua kasha kabla ya kufungua kompyuta

Kama wewe ni wa familia, au umeombwa na familia, anzia nyumbani. Tafuta katika mkoba wa hati za shamba, kwenye makasha ya nguo, kwa shangazi aliyeolewa Wete au kwa mjomba wa Ng'ambo. Unachotafuta ni pasipoti za zamani na mihuri yake, cheti cha kuzaliwa, picha zenye tarehe nyuma, bahasha zenye stempu za nje, na zaidi ya yote barua za Msalaba Mwekundu.

Barua hizo zina thamani kubwa kuliko zinavyoonekana. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliruhusiwa kuwaona mahabusu wa Bagram na Guantanamo, lakini haikuruhusiwa kuingia kwenye magereza ya siri ya CIA. Wafungwa 14 wa CIA waliohamishiwa Guantanamo Septemba 2006, Ghailani akiwa mmoja wao, walionana na wajumbe wake baada ya kuhamishwa huko. Kwa hiyo tarehe ya barua ya kwanza kufika nyumbani ni ushahidi: inakuonyesha ni lini mtu alitoka gizani akaingia kwenye daftari linalotambulika. Pengo baina ya siku aliyokamatwa na barua ile ya kwanza ndilo utakaloshughulika nalo katika hatua zote zinazofuata. Aliyetembelewa na Kamati hiyo akiwa kizuizini anaweza pia kuiomba cheti cha kuthibitisha kwamba ilimwona huko. Ofisi ya Msalaba Mwekundu ya Tanzania inaweza kulipeleka ombi hilo.

Usidharau karatasi fupi. Salim alipoachiwa Bagram alipewa waraka wa jeshi la Marekani uliosema kwamba imeonekana yeye si tishio kwa majeshi ya Marekani wala kwa maslahi ya Marekani nchini Afghanistan. Isome tena sentensi hiyo taratibu. Inazungumzia Afghanistan. Mtu huyu alikamatwa Somalia. Basi lazima iwepo karatasi nyengine, au zaidi ya moja, inayomtoa Mogadishu na kumfikisha Afghanistan: nani alimkabidhi kwa nani, kwa ndege ipi, kwa amri ya nani. Ndivyo waraka wa mistari michache unavyokufundisha cha kuomba.

Kila karatasi ipige picha kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila ya mwanga wa simu, mbele na nyuma. Bahasha nayo piga picha. Usitie plastiki ya moto wala usibandike solotepu. Hewa yetu ya chumvi na mchwa ni maadui wa kutosha, kwa hiyo weka asili kwenye kopo kavu lenye mfuniko, pahala palipoinuka kutoka sakafuni. Asili hubaki kwa mwenyewe. Wewe unaondoka na picha tu.

Hatua ya pili: tengeneza ratiba ya tarehe

Chukua daftari, chora safu tatu: tarehe, tukio, nimeijuaje. Safu ya tatu ndiyo watu huiacha, na bila ya hiyo daftari zima halifai kitu mbele ya mwanasheria.

Ukizungumza na aliyefungwa, usimtake akupe tarehe za kalenda. Aliyewekwa kwenye giza hakuwa na kalenda. Muulize kilichokuwa karibu: ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada yake, aliswali Idd ngapi mle ndani, baridi ilikuwa imeshaingia. Kisha wewe ndiye utakayegeuza. Ramadhani ya 2003, kwa mfano, iliangukia mwishoni mwa Oktoba ikaendelea hadi wiki za mwisho za Novemba. Jamaa waliobaki nyumbani wanakumbuka kwa alama nyengine: uchaguzi wa Oktoba 2005, mavuno ya karafuu, au umeme ulipokatika Unguja nzima Mei 2008. Alama hizi ukiziandika kama zilivyosemwa, pamoja na tarehe uliyoikadiria, msomaji mwengine ataweza kukusahihisha.

Kuna mitego ya tarehe. Wamarekani huanza na mwezi, kwa hiyo 03/07/2003 kwao ni tarehe 7 Machi. Jeshi huandika siku, mwezi kwa herufi tatu, kisha mwaka, na saa zenye herufi Z mwishoni ni saa za Greenwich, tatu nyuma ya zetu. Na msimulizi akikwambia saa mbili usiku, andika 20:00 pale pale, kabla hujasahau kwamba alisema kwa Kiswahili.

La muhimu kuliko yote: mtu aliyeteswa kwa maswali anaweza kukuona wewe na daftari lako kama wale waliomhoji. Mwache akae anapouona mlango. Omba ruhusa ya kurekodi, na mwoneshe jinsi ya kuizima. Akinyamaza, nyamaza naye. Akisema basi, funga daftari, hata kama ndio kwanza mlikuwa mnafika penyewe. Mazungumzo haya hayafanywi mbele ya watoto, wala kwenye baraza ambayo kila apitaye hutoa salamu.

Hatua ya tatu: orodhesha majina yote ya mtu mmoja

Sisi tuna jina letu, la baba, la babu, na pengine la ukoo. Afisa wa Marekani huchukua analolisikia na kuliandika anavyojua. Suleiman Abdullah wa ripoti ya Seneti ndiye Suleiman Abdullah Salim wa kesi ya mahakamani (zote mbili nitazieleza katika hatua ya nne), na magazeti mengine yamemwandika Abdallah. Kabla ya kutafuta popote, andika namna zote: Khamis na Hamis, Seif na Saif na Sayf, Suleiman na Sulayman, Mohamed, Mohammed na Muhammad. Ongeza lakabu, na ongeza jina la kwanza pamoja na la babu bila ya la baba.

Mahabusu wa jeshi walipewa pia nambari ya usajili, na nambari hiyo haibadiliki hata jina likiandikwa vibaya. Ya Ghailani katika faili za Guantanamo ni US9TZ-010012DP. Herufi TZ ndani yake ni Tanzania. Ukishaipata nambari ya mtu wako, itumie kila mahali, kwa urefu wake wote na kwa tarakimu zake za mwisho peke yake.

Hatua ya nne: soma kwa mpangilio

Wengi hukosea kwa kuanza na karatasi ya kutisha kuliko zote iliyosambazwa mtandaoni. Anza na ramani, kisha ingia vichochoroni.

Ramani ni muhtasari wa ripoti ya Kamati ya Ujasusi ya Seneti ya Marekani, uliotolewa tarehe 9 Disemba 2014. Una kurasa zaidi ya 500. Ripoti kamili ina zaidi ya kurasa 6,700 na bado ni siri. Muhtasari unasema CIA iliwashikilia watu 119 wanaojulikana, na kwamba angalau 26 kati yao hawakustahili kushikiliwa hata kwa vigezo vya CIA yenyewe. Usiusome kuanzia mwanzo. Nenda kwanza kwenye kiambatisho chenye orodha ya mahabusu, mtafute mtu wako kwa namna zote za jina lake, kisha rudi kwenye matini ukitafuta jina hilo hilo, ukisoma na tanbihi za chini. Siri nyingi zimelala kwenye tanbihi.

Ujue pia kwamba ripoti hii ina majina ya kubuni. Magereza yamepewa majina ya rangi: COBALT ni gereza la Afghanistan lililofunguliwa Septemba 2002, ambamo mahabusu Gul Rahman alikufa Novemba mwaka ule ule, akiwa amefungwa minyororo kwenye sakafu ya zege bila ya nguo ya chini, na baridi ndiyo iliyoshukiwa kumuua. Wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu za mahojiano wanaitwa humo SWIGERT na DUNBAR. Majina yao ya kweli, James Mitchell na Bruce Jessen, yanajulikana, na kampuni yao ililipwa dola milioni 81. Andika funguo za majina haya kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako, utazihitaji kila mara.

Ukishapata ramani, soma ruhusa. Waraka wa Wizara ya Sheria ya Marekani wa tarehe 1 Agosti 2002 ndio ulioidhinisha mbinu kumi dhidi ya mahabusu mmoja, Abu Zubaydah: kupigiza mtu ukutani, kofi la uso, kumfungia kwenye sanduku dogo, kumnyima usingizi, kummwagia maji usoni hadi ahisi anazama, na nyenginezo. Huo pamoja na mingine mitatu ya 2005 ilitolewa hadharani tarehe 16 Aprili 2009. Kisha soma uchunguzi wa ndani: ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa CIA ya Mei 2004, inayoonyesha pale watekelezaji walipovuka hata mipaka ya ruhusa hiyo.

Baada ya hapo ndipo uingie mahakamani. Oktoba 2015 Salim, Mohamed Ahmed Ben Soud aliyekuwa pia mahabusu wa CIA, na familia ya Gul Rahman waliwashitaki Mitchell na Jessen katika mahakama ya Spokane, jimbo la Washington. Kesi iliisha kwa makubaliano Agosti 2017, kabla tu ya kusikilizwa. Hati ya madai ni rahisi kuisoma kuliko waraka wowote wa serikali: inaeleza kwa mpangilio giza, muziki usiokoma, maji ya baridi, minyororo na masanduku. Na kwa sababu ya kesi ile wanasaikolojia wale walihojiwa kwa kiapo mbele ya kamera, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kwangu mimi hilo ndilo tunda kubwa la kesi hiyo. Mtu wa Zanzibar aliyekuwa haulizwi ila kwa vipigo, akafikia kuwa upande unaouliza.

Mikusanyiko ya karatasi utaipata kwa jumuiya ya haki za raia ya Marekani, ACLU, iliyoomba hati hizi Oktoba 2003, ikaenda mahakamani 2004, na kupata zaidi ya kurasa laki moja. CIA na Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, nao wana vyumba vya kusomea vya mtandaoni. Kwa safari za ndege za siri, watafiti wa Uingereza wa mradi wa Rendition Project wamepanga data vizuri mno. Kama bando ni tatizo, pakua kwa mkupuo mmoja pahala penye mtandao wa bure, na upe kila faili jina linaloanza na tarehe ya waraka: mwaka, mwezi, siku.

Hatua ya tano: soma na weusi, yaani palipofutwa kwa wino mweusi

Mwanafunzi mmoja wa sheria alinijia na ukurasa wa ile orodha ya Seneti kwenye simu yake.

"Maalim, hapa wameacha mwaka wakafuta mwezi. Na siku alizokaa, tarakimu ya mwisho wameifuta. Sasa hii itanisaidia nini?"

"Umebakiwa na nini, mwanangu?"

"Mbili na tano."

"Basi alikaa siku 250 hadi 259. Umekosa siku tisa tu."

Ndivyo inavyosomwa. Mwaka wa kuingia na idadi ya siku vinakupa kipindi. Kipindi hicho ukikiweka kwenye ratiba yako ya Ramadhani na Idd, mara nyingi kinazidi kubana. Palipofutwa papime pia: jina fupi lina weusi mfupi, na sentensi iliyobaki kabla na baada hukuambia kama kilichofutwa ni nchi, mtu au tarehe. Lakini kukisia andika kuwa ni kukisia. Usije ukajaza pengo kwa jina la nchi halafu wiki ya pili ukalinukuu kama kwamba lilikuwa limeandikwa.

Pembeni ya weusi huwa pana alama. b(1) maana yake ni siri ya usalama wa taifa. b(3) ni kwamba sheria nyengine inakataza kutoa. b(5) ni mashauriano ya ndani ya serikali. b(6) na b(7)(C) ni faragha ya mtu. Alama hizi hazina uzito sawa. Faragha inaweza kuondoshwa na mwenye faragha mwenyewe, yaani aliyefungwa akitoa idhini ya maandishi, na hapo ndipo familia ina nguvu kuliko mtafiti yeyote.

Tafuta kila mara matoleo tofauti ya waraka mmoja. Ripoti ile ya Mkaguzi Mkuu ilitolewa mwaka 2008 ikiwa karibu yote nyeusi. Agosti 2009 ikatolewa tena, na kurasa nyingi zikafunguka. Weka matoleo mawili ubavuni, ukurasa kwa ukurasa. Kilichofichwa mwanzo kikaja kufunguliwa kinakuonyesha serikali ilikuwa ikikwepa nini, na mara nyengine kipande kilichofutwa toleo moja kimesahaulika kufutwa katika jengine.

Na kuna visivyofichwa wala kufunguliwa kwa sababu havipo tena. Novemba 2005 CIA iliharibu kanda za video 92 za mahojiano. Ukiona waraka unataja kanda, usipoteze miezi ukiitafuta. Tafuta telegramu na maandishi ya waliokuwa wakiitazama.

Hatua ya sita: andika kitendo, halafu pima kauli

Katika daftari lako usinakili istilahi za ofisi zile. Waraka ukisema mahabusu aliwekwa katika mkao wa msongo kwa saa kadhaa, wewe andika alichofanyiwa: alisimamishwa, mikono imefungwa juu, tangu saa fulani hadi saa fulani, ukurasa fulani. Atakayekuja kusoma daftari lako ni mama wa mtu, au hakimu, na wote wawili wanahitaji kitendo.

Kisha pima. Waraka wa serikali umeandikwa na aliyeshika ufunguo, naye ana sababu ya kupunguza. Msimulizi amepitia njaa, giza na kukosa usingizi, na kumbukumbu yake inaweza kuchanganya mpangilio hata pale inapokuwa kweli kabisa kuhusu tukio lenyewe. Viwili hivyo vikikutana kwenye jambo dogo lisilo na faida kwa yeyote, kama rangi ya mlango au sauti ya jenereta, hapo pana uzito. Kauli aliyoitoa mtu akiwa kwenye mateso isitumie kamwe kama habari ya kweli juu yake wala juu ya mwengine, hata ikiwa imepigwa muhuri na kunukuliwa katika ripoti kumi.

Kesi ya Ghailani inafundisha hili wazi. Upande wa mashtaka ulikuwa na shahidi Mtanzania ambaye, kwa mujibu wao, angeeleza kwamba yeye ndiye aliyemuuzia Ghailani vilipuzi. Tarehe 6 Oktoba 2010 Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi huyo, kwa sababu serikali ilimjua kutokana na maneno aliyoyatoa Ghailani chini ya shinikizo mikononi mwa CIA. Mwezi uliofuata baraza la wazee wa mahakama lilimwona ana hatia kwenye shitaka 1 kati ya 285. Januari 2011 akahukumiwa maisha. Soma uamuzi ule wa Oktoba wote. Utaona mateso yalivyowaharibia kazi hata wale waliotaka haki kwa marehemu wa Dar es Salaam na Nairobi.

Hatua ya saba: omba hati mwenyewe

Sheria ya Uhuru wa Habari ya Marekani, FOIA, inampa haki mtu yeyote kuomba, awe raia wa Marekani au mvuvi wa Tumbe. Huna haja ya wakili, wala ya kueleza kwa nini unataka. Omba kama mtu binafsi. Ombi lisitoke kwa ofisi ya serikali yoyote ya nje, maana mashirika ya ujasusi ya Marekani yamekatazwa kuzijibu. Sheria yetu ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ni ya Tanzania Bara, na haiwezi kuifikia karatasi iliyoko Washington.

Peleka ombi tofauti kwa kila chombo: CIA, Wizara ya Ulinzi, FBI, Wizara ya Sheria, Wizara ya Mambo ya Nje. Mara nyingi karatasi iliyofungwa pahala pamoja hupenya kwengine. Wizara ya Mambo ya Nje isiachwe, kwa sababu balozi huandikiana na makao makuu kila siku, na habari ya mtu wa Zanzibar kurejeshwa kwao haiwezi kukosa telegramu.

Barua yenyewe, kwa Kiingereza chepesi, iwe na mambo haya kwa mpangilio huu. Kwamba unaomba chini ya FOIA. Majina yote ya mtu, tarehe na pahala alipozaliwa, nambari ya usajili kama ipo. Alikamatwa wapi na lini, alishikiliwa wapi, aliachiwa lini. Aina za hati: kumbukumbu za mahojiano, za matibabu, za uhamisho, za kuachiwa, na barua baina ya serikali mbili. Kipindi: kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani. Kwamba unataka nakala za kielektroniki, na unaomba kusamehewa ada kwa kuwa hati zitasaidia umma kuelewa kazi za serikali. Kwamba wakikukatalia msamaha, usitozwe zaidi ya dola 25 bila ya kuulizwa kwanza. Muombaji wa kawaida hupewa saa mbili za kutafutiwa na kurasa 100 bila malipo, kwa hiyo ombi jembamba linaweza lisikugharimu chochote. Ukiandika nataka kila kitu kuhusu Bagram, utangoja hadi nywele zigeuke rangi.

Kama mtu yu hai, ambatisha idhini yake: jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, anachoruhusu kitolewe na kwa nani, na tamko kwamba ni kweli, chini ya adhabu ya kusema uongo kwa mujibu wa sheria za Marekani. Tamko hilo likiandikwa kwa maneno ya kifungu 1746 cha sheria zao, pale palipotajwa hati zilizosainiwa nje ya nchi, halihitaji hakimu wala wakili wa viapo. Kama amefariki, ambatisha cheti cha kifo.

Wanatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Kwa hati hizi tarajia miezi, na mara nyingi miaka. Jibu la kwanza huwa nambari ya ombi tu, nayo iandike kwenye jalada la daftari, kwenye simu, na kwa mtu wa pili. Jibu jengine la kawaida kutoka CIA ni kwamba haiwezi kuthibitisha wala kukanusha kuwepo kwa hati hizo. Likija, usivunjike moyo: kata rufaa, na kwenye rufaa ambatisha ukurasa wa ripoti ya Seneti wenye jina la mtu huyo. Serikali ikishamtaja mtu hadharani, hoja ya kutokumjua inakuwa ngumu kuisimamia.

Rufaa una siku zisizopungua 90 kutoka tarehe ya barua ya kukataliwa. Haihitaji ustadi. Taja nambari ya ombi, sema unapinga kipi: wametafuta kidogo, wamefuta kupita kiasi, au wametumia alama ya faragha ilhali idhini ipo. Rufaa ikigonga mwamba, ipo ofisi ya usuluhishi wa maombi haya ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Marekani, OGIS, ambayo husikiliza bila ya malipo. Baada ya hapo ni mahakama, na mahakama inataka wakili wa Marekani. Wapo wanaofanya kazi hii bure wakiletewa faili lililopangika.

Tia pia alama kwenye kalenda. Kwa amri ya rais wa Marekani ya 2009, hati za siri zikitimiza miaka 25 hufunguka tarehe 31 Disemba ya mwaka huo, isipokuwa zile zitakazoombewa kubaki siri, na za ujasusi nyingi zitaombewa. Za 2003 zitafikia hapo mwisho wa 2028. Ombi lililokataliwa leo lirudishe upya Januari 2029, kwa maneno yale yale na viambatisho vile vile.

Hati zikifika, wa kwanza kuziona awe mwenyewe au familia yake, kabla ya gazeti, kabla ya kundi lolote la WhatsApp. Zina mambo ya mwili wa mtu na ya akili yake. Zina majina ya majirani na marafiki waliotajwa kwa kulazimishwa, na majina hayo yafute wewe kabla ya kumpa mtu mwengine nakala. Akikubali zihifadhiwe kwa ajili ya wengine, peleka seti moja kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani pamoja na ratiba yako ya tarehe, barua ya idhini iliyosainiwa, na maelezo ya nani aruhusiwe kuzisoma na kuanzia lini.